Homa Iliyokuja Baada ya Kikohozi

Ukitaka kujua siri za mtaa, usimuulize kinyozi. Muulize dobi. Kinyozi anasikia maneno, na maneno hayana mfupa. Dobi anaona madoa. Anajua nani amemwaga mchuzi, nani ameketi kwenye rangi mbichi, na nani aliaga kuwa anakwenda kazini kumbe alikwenda kwingine. Lakini dobi mzuri hufunga mdomo. Anafua doa, anaikunja nguo, na mambo yanakwisha.

Dobi wa namna hiyo aliishi na mkewe katika nyumba ya vyumba viwili, kando ya barabara ya vumbi. Mume alifua uani. Mke alipiga pasi chumba cha mbele. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti wa miaka saba. Alikuwa na jina lake zuri alilopewa na bibi yake, lakini halikutumika. Watu walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakupumzika. Na mama yake akawa Mama Chiriku.

Katika nyumba ile kila mteja alikuwa na uzi wake. Mama Chiriku alishona uzi mdogo wa rangi ndani ya ukosi wa kila nguo, ili nguo za watu zisichanganyike. Uzi mwekundu ulikuwa wa dereva wa lori. Uzi mweupe ulikuwa wa jirani yao nesi, aliyefanya kazi wodi ya watoto. Uzi wa kijani ulikuwa wa mama mwenye duka la viatu, aliyekuwa na mtoto wa kiume wa rika la Chiriku. Chiriku alizijua rangi zote kichwani. Mteja akitokea mlangoni, hakumwamkia kwanza. Alipaza sauti, "Mama, uzi mwekundu amekuja!" Mama alimkaripia kila siku, amwambie shikamoo kwanza. Wateja wenyewe walicheka, na wengine walipita pale bila nguo yoyote, ili tu waitwe.

Jambo lingine la nyumba ile lilikuwa dirisha la chumba cha pasi. Halikufunguliwa hata siku moja. Vumbi la barabara na shati jeupe ni paka na panya. Kwa hiyo mlango ulirudishwa, dirisha lilifungwa, na familia nzima ilishinda humo katikati ya nguo za watu. Hapo ndipo walipokula, na hapo ndipo Chiriku alipofanya kazi za shule, akiwa chini ya meza ya pasi.

Mwaka ule korona ikaja. Redio ilisema kila saa jinsi ya kujikinga. Mtaani nako watu walikuwa na redio yao wenyewe, ya midomo, nayo ilisema kuwa ugonjwa ule hauwagusi watoto. Dobi aliipenda habari hiyo. Alisema korona inatafuta wazee na wenye vitambi, na Chiriku hana hata kitambi cha kuazima.

Asubuhi moja dobi alianza kukohoa. Alilalamika kuwa mwili unamuuma kama amebeba magunia. Kisha akainua kipande cha sabuni, akakinusa. Akakinusa tena. Akamwita mkewe uani, akampa na yeye anuse.

"Inanukia?" aliuliza.

"Inanukia kama siku zote."

Dobi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Redio ilikuwa imeitaja dalili hiyo, ya mtu kushindwa kusikia harufu. Wote wawili walijua.

"Likijulikana hili, tumekwisha," alisema dobi. "Nani atavaa shati lililofuliwa na mgonjwa? Tuseme ni mafua. Na wewe, Mama Chiriku, ya ndani yabaki ndani."

Mama Chiriku alikubali. Siku chache baadaye naye alikohoa. Walijitahidi kwa njia waliyoijua, yaani njia ya dobi. Walichemsha mashuka. Walisugua sakafu kwa maji ya moto. Walifua hata mapazia, ambayo hayakuwa yamefuliwa tangu yanunuliwe. Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho ni hewa. Hewa haifuliki. Hufunguliwa dirisha ikatoka, na dirisha lao lilibaki limefungwa. Dobi alikohoa ndani ya chumba kile, na mtoto akavuta hewa ile ile.

Chiriku alitoka makamasi, akapata joto kidogo, na kesho kutwa yake alikuwa anaruka kamba. Baba yake akapumua. Alimwambia mkewe, "Umeona? Watoto haiwawezi." Wakaisahau habari ile, kama watu wanavyosahau mvua jua likitoka.

Ilikaribia mwezi kupita. Siku moja Chiriku alirudi kutoka shule, akasema tumbo linamuuma. Jioni alikuwa na homa kali. Walisema amekula vibaya. Dobi alikwenda duka la dawa, akaeleza mwenyewe, akapewa vidonge vya tumbo. Homa haikushuka. Akarudi, akapewa vidonge vingine. Mtoto akavitapika vyote. Macho yalikuwa mekundu, na mama yake alidhani ameingiwa na povu la sabuni, akamwosha kwa maji safi. Yalibaki mekundu. Midomo ikawa myekundu na kupasuka. Vipele vidogo vikatoka kifuani.

Lakini kilichomtia Mama Chiriku hofu ya kweli hakikuwa vipele. Dereva wa lori alifika mlangoni kuchukua nguo zake. Alisimama pale akitabasamu, akingoja kuitwa. Chiriku alikuwa amelala kwenye mkeka. Alimtazama dereva, kisha akageuza uso ukutani, bila neno. Dereva alichukua nguo zake na kuondoka polepole.

Mchana huo huo nesi alipita kuchukua sare zake. Alipomwona mtoto aliziacha sare mezani. Akapiga magoti, akagusa paji la uso, akagusa miguu. Kichwa kilikuwa cha moto. Miguu ilikuwa ya baridi. Vidole vya mikono vilikuwa vimevimba. Aliuliza homa ina siku ngapi, na alipojibiwa alikunja uso.

"Mbona hamkuniita? Mlango wangu na wenu ni hatua chache tu."

Nesi akauliza jambo jingine, taratibu, akiwatazama wote wawili. "Humu ndani, mwezi huu au uliopita, kuna aliyeumwa korona? Hata kikohozi tu?"

"Hapana," alisema dobi, kabla mkewe hajafungua mdomo. "Mafua ya kawaida. Nani asiyepata mafua?"

Mama Chiriku alitazama chini. Nesi hakubishana. Alisema mtoto aende hospitali sasa hivi, na yeye mwenyewe alimbeba hadi kwenye gari.

Hospitalini walimpima malaria, hakuwa nayo. Walimtundikia maji. Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliuliza maswali mengi, na katikati ya maswali hayo aliuliza lile lile la nesi. Dobi akajibu lile lile. Uongo ukishasemwa mara moja, mara ya pili hautoi jasho. Daktari aliandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kulipokucha hali ilikuwa mbaya zaidi. Tumbo lilikuwa gumu, na mtoto alilia kila lilipoguswa. Moyo wake ulikuwa unapiga haraka mno, hata shingo ilionekana ikidunda. Daktari alirudi na mwenzake. Walisema huenda ni kidole tumbo kimevimba ndani. Walitaka kumpasua siku hiyo hiyo, lakini walikuwa na wasiwasi, kwa sababu moyo ulikuwa dhaifu na hawakujua ni kwa nini. Mtoto mwenye moyo kama ule anaweza asiamke baada ya dawa ya usingizi. Walisema wazi, bila kuficha. Kisha wakawaacha wazazi wafikiri.

Mama Chiriku aliushika mkono wa mwanawe. Ulikuwa umevimba kama wa mtu mwingine. Aliinama sikioni kwake.

"Mwanangu, uzi mwekundu ni wa nani?"

Chiriku hakujibu.

"Uzi mweupe je? Huo unaujua. Niambie wa nani, nitakuacha ulale."

Midomo ilijaribu kusogea, ikashindwa. Mama alilia bila sauti. Kwa miaka saba alikuwa akimwambia mtoto huyu anyamaze. Anyamaze wageni wanaongea, anyamaze baba amechoka, anyamaze redio inasoma habari. Sasa alikuwa amenyamaza, na mama angetoa macho yake mawili ili asikie neno moja. Alimtazama mumewe. Dobi alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni za miaka mingi, hajui aiweke wapi. Mkewe alimhurumia. Pia alimchukia, na alijichukia mwenyewe zaidi, kwa sababu swali liliulizwa mara mbili naye akiwa na ulimi mdomoni.

Daktari aliporudi kuuliza wameamua nini, Mama Chiriku alisimama.

"Daktari, tuliumwa. Mume wangu alipoteza harufu ya sabuni. Mimi nilikohoa. Mtoto naye alipata makamasi na joto kidogo. Inakaribia mwezi sasa. Tulificha kwa sababu ya wateja."

Mama alingoja mumewe amkane mbele ya watu.

"Ni kweli," alisema dobi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye niliyekataza."

Daktari hakuwakaripia. Labda hakuwa na nguvu ya kukaripia. Alisema upasuaji usimame kwanza, akaagiza damu ipimwe upya na moyo upigwe picha. Watu wakaanza kukimbia. Kitanda cha Chiriku kikasukumwa kwenda chumba kingine, na wazazi wakabaki nje kwenye benchi.

Nesi alikuja kuketi nao. Majibu yalikuwa yametoka. Halikuwa kosa la kidole tumbo hata kidogo.

"Watoto wengi wakipata korona huugua kidogo tu na kupona," alisema. "Hapo mtaa hausemi uongo. Lakini si kweli kwamba haiwagusi. Watoto wachanga inaweza kuwabana kifua. Ukiona mtoto anapumua mbio, mbavu zinaingia ndani, au anashindwa kunyonya, hukai nyumbani kungoja kuche. Na wapo watoto wachache wanaopata haya aliyoyapata Chiriku. Mwili ulipigana na virusi, ukashinda. Kisha baada ya wiki mbili, tatu, hata sita, kinga ya mwili inaanza tena vita, na adui hayupo. Inapiga tumbo, inapiga ngozi na macho. Inapiga na moyo."

"Lakini alikuwa amepona," alisema Mama Chiriku. "Aliruka kamba. Nilimwona kwa macho yangu."

"Alikuwa amepona korona. Hii inakuja nyuma yake. Ndiyo maana tunauliza kuhusu mwezi uliopita."

Mama Chiriku alipandwa na hasira, kwa sababu uchungu ukikosa pa kwenda huenda kwa aliye karibu. "Kama mlijua, kwa nini hamkutuambia?"

"Nilikuuliza, ndugu yangu," alisema nesi. "Nyumbani kwako."

Hakulisema neno hilo kwa ukali. Lilimchoma kwa sababu hiyo.

Siku zilizofuata Mama Chiriku hapendi kuzikumbuka. Mtoto alipewa dawa kupitia mshipa, dawa za kutuliza kinga ya mwili wake. Mara hali ilipanda, mara ilishuka. Daktari alipoulizwa kama atapona, alijibu kuwa wanafanya kila wawezalo, na mama alijua maana ya jibu hilo. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mtoto mwingine, na asubuhi moja kitanda kile kilikuwa kimetandikwa upya. Hakuuliza. Dobi alikuwa anakuja na kuketi. Hawakulaumiana. Hawakuongea kabisa. Aliwaza kuwa hata mtoto akipona, nyumba yao haitapona.

Kisha homa ilishuka na haikurudi. Mchana mmoja nesi aliingia wodini kubadilisha chupa ya maji. Kutoka kitandani ikasikika sauti nyembamba, ya kukwaruza.

"Mama, uzi mweupe amekuja."

Dobi alitoka nje. Watu waliopita ukumbini walimwona mwanamume mzima amesimama akiutazama ukuta, mabega yanatikisika.

Hata hivyo, habari haikuwa njema yote. Mshipa mmoja karibu na moyo wa Chiriku ulikuwa umetanuka. Daktari alisema huenda utarudi sawa, na watoto wengi hurudi sawa, lakini hakuahidi. Chiriku asikimbie wala kuruka kamba kwa miezi mingi, mpaka waambiwe. Anywe kidonge kidogo kila siku, kile alichoandikiwa na daktari. Wasimnunulie kingine wenyewe. Na arudi kupigwa picha ya moyo kila atakapoitwa.

Siku waliyorudi nyumbani, dobi aliingia chumba cha pasi na nyundo. Dirisha lilikuwa limegandamana kwa miaka. Aligonga pembeni mpaka likaachia. Vumbi likaingia na upepo ukaingia pamoja nalo. Alisema shati likichafuka atalifua tena, maana kufua anajua. Waliweka sheria nyingine ndogo. Anayekohoa avae barakoa na alale chumba chake, na mtoto akae mbali naye. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na wazazi wote wawili walikwenda kuchanjwa.

Lakini Mama Chiriku alitaka zaidi. Kila mteja aliyefika alimweleza yote. Kwamba waliumwa, kwamba walificha, na kwamba baada ya kikohozi kuisha ndipo homa ya mtoto ilipokuja. Alitaja macho mekundu, vipele, tumbo, mikono kuvimba, homa isiyoshuka. Dereva wa lori alisikiliza, akampa pole, akaacha nguo zake kama kawaida. Wengine hawakurudi. Mama wa uzi wa kijani alikasirika kuliko wote.

"Kwa hiyo nguo za mwanangu zilikuwa humu?" alisema. "Mlinyamaza?"

Mama Chiriku alisema ndiyo, na akaomba radhi. Yule mama alikusanya nguo zake. Pale pale mlangoni aling'oa uzi kwa meno kutoka kwenye shati la mwanawe, akautema chini. Chiriku aliona kila kitu kutoka kwenye kizingiti, alipokuwa ameketi.

Jioni dobi alisema ukweli umewafukuzia watu. Hakusema kwa kulaumu, alikuwa amechoka tu. Mkewe alimjibu kuwa uongo nusura uwafukuzie mtoto. Kisha akaokota ule uzi wa kijani, akauosha, akaurudisha kwenye kopo la nyuzi. Hakujua kwa nini. Meza ya pasi ilikuwa karibu tupu.

Wakati mrefu ulipita katika hali hiyo. Chiriku alikuwa anakaa kizingitini siku nzima, akitazama watoto wenzake wakikimbia. Hakulalamika. Mama yake angependa alalamike.

Siku moja sauti ikapazwa kutoka mlangoni.

"Mama, uzi wa kijani amerudi!"

Mama Chiriku alitoka. Yule mama hakuwa na nguo mikononi. Alikuwa amembeba mwanawe, mvulana mkubwa ambaye miguu yake ilining'inia. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu. Mama naye alikuwa anahema.

"Ulisema macho," alisema. "Ulisema tumbo na homa. Na sisi tulikohoa, mwezi uliopita. Sikumwambia mtu."

Mama Chiriku hakumwuliza kuhusu uzi. Alizima pasi. "Twende hospitali. Ukifika, sema yote kabla hujaulizwa. Anza na kikohozi."

Yule mama alisema yote. Safari hii daktari hakupoteza hata siku moja kwa kubahatisha. Mvulana alipewa dawa mapema, moyo haujaguswa, na baada ya siku chache alirudi nyumbani kwa miguu yake. Naye alikatazwa kukimbia kwa miezi michache. Mama yake alileta nguo tena. Mama Chiriku alifungua kopo, akatoa uzi ule ule, akaushona mahali pake.

Miezi ya kukatazwa ilipokwisha kwa mvulana yule, barabara ya vumbi ikamwona tena, anafukuza mpira. Chiriku bado alikuwa kizingitini. Picha ya mwisho ilikuwa imeonyesha mshipa wake umepungua kidogo, lakini si wa kumruhusu. Aliambiwa angoje, na hakuna aliyejua mpaka lini. Mama yake alikuwa ndani, pasi mkononi, ameupa mlango mgongo ili asiione miguu ile ya binti yake iliyotulia.

"Mama," aliita Chiriku, "mtoto wa uzi wa kijani anakimbia!"

Mama aliisikia vizuri sauti ile, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.